Hesabu ya Maji, Siri ya Nyumba

Leo tunazungumzia maji ya nyumbani wakati wa ukame, na maswali mawili ambayo watu wamezoea kuyauliza kila moja kivyake. Bei ya haki ni ipi? Na ni nani anayestahili kujua nyumba yangu imetumia maji kiasi gani?

Msimamo wangu nautoa mapema, mnisikilize mkiujua. Matumizi ya nyumba yabaki siri ya nyumba. Hesabu za anayeuza maji ziwe wazi kwa kila mtu. Na bei ihesabu watu, isihesabu mabomba.

Sisi wa bonde la Bugarama, hapa Rwanda, maji tunayaona kila siku. Mto Ruhwa unatutenganisha na Burundi, kisha unaingia Rusizi pale nchi tatu zinapokutana. Mashamba ya mpunga ya Bugarama yamejaa maji. Lakini hapa ndipo mahali pa chini kabisa katika Rwanda yote, kama mita 950 tu kutoka usawa wa bahari, na joto lake mnalijua. Mvua ikikatika kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, maji ya mto yapo. Ya bomba ndiyo yanayoadimika. Na ya mto si ya kunywa. Bonde zima la Rusizi, toka Uvira upande wa Kongo hadi Cibitoke upande wa Burundi, linakijua kipindupindu, na kila mama anajua mtoto anapata nini akinywa maji yaliyopita kwenye mashamba na mifugo ya watu.

Nenda kwenye robine ya umma, bomba la kuchotea wote, asubuhi moja ya Agosti. Jerikani za njano za lita 20 zimepangwa kabla jua halijachomoza, nyingine zimepoteza kifuniko na zimezibwa kwa kipande cha ndizi mbichi. Kila jerikani ina mwenyewe, na kila mwenyewe anajulikana. Mama aliyezoea kuchota tatu akichota sita, foleni nzima inajua kwamba kwake kuna mgeni, au kuna mzazi, au kuna mgonjwa wa kufuliwa mashuka. Akichota moja, foleni inajua pia kwamba leo hana pesa. Hakuna aliyempeleleza. Maji yake yanahesabiwa hadharani kwa sababu hana pa kuyachotea kwa faragha.

Sasa tazama nyumba yenye bomba ndani ya ukuta na tangi juu ya paa. Pale maji hayana foleni wala jerikani. Mita iko kwenye kisanduku cha saruji karibu na geti, chini ya kifuniko cha chuma, na anayeisoma ni mtu mmoja mara moja kwa mwezi. Basi ukame ukija na watu wakaanza kuulizana nani anafuja maji, macho yote yanaelekea kwenye foleni, maana ndiko kunakoonekana, ingawa mtu wa jerikani tatu hana hata cha kufuja. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Hapo mtu atasema: basi na wenye mabomba nao waanikwe, ili tuwe sawa. Ni wazo lenye nguvu, na mahali pengine limejaribiwa. Kule California, Marekani, ukame ulibana hadi tarehe 1 Aprili 2015 gavana Jerry Brown akaamuru miji ipunguze matumizi ya maji kwa asilimia 25. Watu waliacha majani ya bustani yao yakauke. Mwezi Oktoba mwaka huohuo waandishi wa habari za uchunguzi wakafichua kwamba nyumba moja katika mtaa wa matajiri wa Bel Air, jijini Los Angeles, ilikuwa imetumia galoni milioni 11.8 kwa mwaka mmoja. Hizo ni karibu lita milioni 45, yaani zaidi ya lita 120,000 kila siku, nyumba moja. Wananchi wakataka jina. Shirika la maji la jiji likakataa kulitoa, na sheria ya jimbo ya mwaka 1997 ikalipa nguvu ya kukataa, kwa kuwa iliruhusu taarifa za wateja wa huduma kama hizo zifichwe.

Katika jimbo hilohilo, upande wa Oakland, shirika jingine la maji lilifanya kinyume. Lilikuwa na kanuni ya kuwatoza faini waliopita kadiri ya lita 3,800 kwa siku, na likatoa majina yao yakachapishwa. Mji ukasoma na ukanong'ona. Mmoja wa waliotajwa akaeleza kwamba mabomba ya bustani yake yalikuwa yakivuja chini ya ardhi. Swali langu ni hili: msomaji wa gazeti angejuaje nani amevujiwa na nani amefuja? Jina na tarakimu havitoshi kumhukumu mtu. Nyumba yenye msiba hutumia maji mengi kwa juma zima. Nyumba yenye mzee asiyeinuka kitandani hufua kila siku, na sababu yake si kitu cha kusomwa sokoni.

Cape Town, Afrika Kusini, walikwenda kwa hatua. Mwanzoni mwa 2017 jiji lilitangaza mitaa yenye nyumba 100 zilizoongoza kwa matumizi, likataja jina la mtaa bila namba ya nyumba. Mwaka uliofuata, Januari 2018, hofu ya mabomba kufungwa kabisa ilipokuwa imewashika wote, jiji likatoa ramani ambayo kila nyumba iliyotumia chini ya lita 6,000 kwa mwezi iliwekewa doa la kijani kibichi kilichokolea, na iliyofika hadi lita 10,500 ikawekewa kijani hafifu. Nia ilikuwa kuwasifu wanaobana. Lakini sifa ya nyumba moja ni aibu ya jirani yake, na asiyekuwa na doa alionekana kama aliyeandikwa ukutani.

Kilichonivutia zaidi katika habari ya Cape Town ni kazi iliyofanyika bila kelele. Jiji liliweka kikomo cha lita 50 kwa kila mtu kwa siku kuanzia tarehe 1 Februari 2018, likapandisha bei ya matumizi makubwa, na kwenye nyumba zilizokaidi mafundi wakafunga vifaa vya kupunguza maji yanayopita. Matumizi ya jiji yalikuwa kama lita milioni 1,200 kwa siku mwaka 2015. Mwanzoni mwa 2018 yalikuwa yameshuka hadi kupita milioni 500 kidogo. Kifaa kilichofungwa getini hakihitaji tangazo la gazeti. Shirika la maji linamjua mteja wake, lina namba yake ya simu na linajua geti lake. Linaweza kumwonya, kumtoza, kumpunguzia maji, na wewe na mimi tusiwe na la kufanya na jina lake.

Turudi kwetu, kwenye bei, maana hapa ndipo haki inapoponyoka watu wakiangalia kwingine.

Nchini Rwanda maji ya bomba yanasambazwa na WASAC, shirika lililozaliwa mwaka 2014 EWSA, shirika la maji na umeme, ilipogawanywa, na bei hupangwa na RURA, mamlaka ya udhibiti. Nitachukua bei zilizoanza Februari 2019, kabla ya kodi ya VAT, maana mpangilio wake unafundisha. Uniti moja ni lita 1,000. Kwa nyumba, uniti 5 za mwanzo za mwezi zilikuwa faranga 340 kila moja. Kuanzia hapo hadi uniti 20, faranga 720. Hadi 50, faranga 845. Kupita hapo, 877. Robine ya umma ilipangiwa faranga 323. Hizi ni bei za ngazi, na wazo lake ni zuri: maji ya lazima yawe rahisi, ya ziada yawe ghali. Sina ugomvi na wazo hilo.

Ila chukueni kalamu tuhesabu pamoja. Kijana mmoja anaishi peke yake kwenye nyumba yenye mita. Anatumia uniti 5 kwa mwezi, ambazo ni kama lita 167 kwa siku, zote zake peke yake. Analipa faranga 1,700. Nyumba ya pili ina watu tisa: bibi, baba, mama, watoto watano na mpwa aliyekuja kusoma. Wanabana kweli, kila mtu lita 40 tu kwa siku, chini hata ya zile lita 50 ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa ndio mwanzo wa mahitaji ya mtu. Kwa mwezi zinafika uniti 10.8. Uniti 5 za kwanza wanazilipia 1,700 kama yule kijana. Zilizobaki 5.8 wanazilipia kwa 720, nazo ni faranga 4,176. Jumla 5,876. Ukigawanya, kila uniti imewagharimu kama faranga 544, na yule kijana anayetumia mara nne ya kila mmoja wao ameipata kwa 340.

Hakuna aliyekusudia kumwonea bibi. Ni kwamba mita haioni watu. Kwayo, nyumba ya watu tisa wanaojinyima na nyumba ya watu wawili wanaoosha gari kila asubuhi ni kitu kimoja.

Halafu yupo asiye na mita kabisa. Kwa bei ile ya 323, jerikani moja ya lita 20 imelipiwa kama faranga 6 na nusu. Ikiuzwa 20, mchotaji amelipa faranga 1,000 kwa uniti, zaidi ya ngazi ya juu kabisa ya mwenye nyumba ya ghorofa. Na kiangazi kikikaza, maji yakaletwa kwa baiskeli na mleta akataka 100, basi uniti imefika 5,000. Najua mwenye robine ana gharama zake, na mwenye baiskeli anapanda kilima kwa miguu yake. Jasho lao lina bei. Ninachosema ni kwamba mnyonge ndiye anayelipa bei ya juu, na ukame humpandishia yeye kwanza.

Suala hili la mita isiyoona watu lilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya Afrika Kusini. Wakazi wa Phiri, kitongoji cha Soweto, walifungiwa mita za kulipia kabla. Kila kiwanja kilipewa lita 6,000 za bure kwa mwezi, yaani lita 25 kwa mtu kwa siku kama kiwanjani kuna watu wanane. Viwanja vya Soweto vina vibanda vya uani, na watu wake mara nyingi hupita wanane. Lindiwe Mazibuko na wenzake wakashtaki. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ikasema lita 50 kwa kila mtu. Mahakama ya Rufaa ikashusha hadi 42. Tarehe 8 Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikalipa jiji ushindi: kiwango cha maji, ilisema, ni kazi ya serikali kukipanga, si ya majaji. Kati ya hoja za jiji ilikuwepo hii: kuhesabu watu kiwanja kwa kiwanja ni kazi ngumu mno kuiendesha.

Hapo ndipo bei ya haki inapokutana na siri ya nyumba. Ukitaka bei inayohesabu watu, ni lazima mtu fulani aulize: hapa mnalala wangapi?

Sisi Wanyarwanda tuna uzoefu wa swali la namna hiyo. Tulikuwa na madaraja ya Ubudehe, ya kupanga kaya kwa uwezo wake. Kuanzia 2015 yalikuwa manne, na watu wa umudugudu, yaani kijiji, walikaa kwenye mkutano wakaipima kila kaya: ina nyumba ya namna gani, ina kazi, ina shamba, inakula mara ngapi. Kwa daraja hilo watu walipangiwa hadi mchango wa mitiweli, bima ya afya: faranga 2,000 kwa daraja la kwanza, 3,000 kwa la pili na la tatu, 7,000 kwa la nne. Mwaka 2020 yakatangazwa madaraja mapya ya herufi, A hadi E. Siwezi kuyabeza yale. Watu wasiokuwa na kitu walitibiwa kwa sababu majirani walisimama wakasema, huyu hana kitu. Lakini tukumbuke pia ilivyokuwa kwa baba mwenye watoto wakubwa kuketi kwenye benchi akisikia umaskini wake unajadiliwa mstari kwa mstari, na siku ya pili kukutana na watu walewale njiani. Wapo waliolilia daraja la chini wapate msaada. Wapo pia waliolikataa kwa sababu ya aibu, wakakosa walichostahili.

Kwa maji hatuhitaji kwenda huko. Kupanga bei ya maji kwa haki hakutaki kujua nani ni maskini. Kunataka tarakimu moja tu: idadi ya wanaolala hapo. Majina yao hayahitajiki, wala dini, wala kazi, wala kama mgeni ana karatasi, na hapa mpakani swali hilo la mwisho linaweza kumfanya mtu afunge mlango usiku kucha. Mwenye mita aandike “tisa”, wapewe uniti za bei ya chini kwa tisa, na tarakimu ikaguliwe tu pale inapotia shaka. Je, watu watadanganya? Baadhi watadanganya. Hasara yake ni uniti chache kuuzwa kwa bei ya ngazi ya chini badala ya ile ya juu yake. Nyumba za watu wengi zinabeba hasara kubwa kuliko hiyo sasa hivi, kila mwezi.

Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, ya kulinda taarifa binafsi na faragha. Inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa wazi, na kwa kiasi cha lengo hilo tu. Usomaji wa mita ni taarifa ya mtu. Leo, mita ikisomwa mara moja kwa mwezi, haisemi mengi. Lakini dunia inaelekea kwenye mita zinazotuma hesabu zenyewe, kila saa. Mita ya namna hiyo inajua mmeamka saa ngapi, mmeoga wangapi, na kwamba tangu Ijumaa nyumba haina mtu. Mwizi angelipia habari hiyo. Kwa hiyo kabla hatujafungiwa, tuulize: nani ataisoma, itakaa kwa muda gani, na askari au mkopeshaji akiitaka, atapewa kwa idhini ya nani?

Nimesema ya nyumba yafichwe. Ya muuzaji yafunuliwe. Hapa Rwanda zaidi ya theluthi ya maji yanayosafishwa hayafiki kwenye bili ya mtu: yanavuja, yanaibwa, au mita haziyahesabu sawasawa. Hiyo theluthi, kiangazi kikiwa kimekaza, ni jerikani nyingi kuliko zote ambazo tungeokoa kwa kuchunguzana uani. Shirika linaloniambia nioge kwa ndoo moja lina wajibu wa kunieleza limepoteza ndoo ngapi kati ya tangi kubwa na geti langu, kwa sekta, kwa mwezi. Likitaka kutangaza matumizi, litangaze ya eneo zima: Bugarama imetumia kiasi hiki, mji wa Kamembe kiasi hiki. Viwanda, hoteli, vituo vya kuoshea magari na ofisi za serikali vitajwe kwa majina, maana kiwanda hakina chumba cha kulala wala mgonjwa wa kusitiriwa.

Na mgao uwe na ratiba. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao, na DAWASA, shirika la maji la huko, ikatoa ratiba kwa maeneo. Nairobi nayo iligawa maji kwa ratiba tangu Januari 2017, bwawa la Ndakaini lilipokuwa limeshuka. Ratiba haiongezi maji. Inampa mama nafasi ya kujua ajaze lini, asikeshe kwenye robine, na inatuwezesha sote kuona kama mtaa wenye mageti makubwa unapewa siku nyingi kuliko wetu. Bei nayo inahitaji maelezo ya namna hiyo. Aprili 2015, kulekule California katikati ya ukame, mahakama ya rufaa iliuambia mji wa San Juan Capistrano kwamba bei za ngazi lazima zilingane na gharama halisi ya kutoa maji, na kwamba mji haukuweza kuonyesha hesabu hiyo. Sisemi tuige uamuzi wao wote. Wengine waliulalamikia kwamba umewapa nafuu wafujaji. Napenda tu kwamba muuzaji alilazimika kueleza bei yake imetoka wapi.

Nimebakisha wapangaji. Nyumba nyingi za Bugarama na Kamembe zina vyumba vinne, vitano, na mita moja. Bili inakuja kwa mwenye nyumba, naye anawagawia kwa jinsi anavyoona. Mpangaji aonyeshwe bili yenyewe, aone uniti na ngazi, agawiwe kwa vichwa vya chumba chake. Asiulizwe kwa nini Jumapili alioga mara mbili. Na pale kwenye robine, kabla Juni haijafika, viongozi wa midugudu wasimamie kitu kidogo kinachowezekana: bei ya jerikani iandikwe ukutani kwa rangi, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na chini yake namba ya simu ya kupiga mtu akitozwa zaidi.